Alama mpya ya televisheni: nani analipa, na mkaaji wa Mitwaba anapata nini?

Tarehe 15 Novemba 2025, kituo cha habari cha Marekani kilichoitwa MSNBC tangu 1996 kiliamka na jina lingine: MS NOW. Hakikufungwa, na watangazaji wengi walibaki walewale. Kilichotokea ni kwamba kilitengwa na kampuni iliyokizaa, na yule ndege wa rangi nyingi, tausi wa NBC, akabaki kwa wenyewe. Vyombo vya habari vya huko viliripoti kwamba kampeni ya kulitangaza jina hilo jipya ilikadiriwa dola milioni 20. Watu walianza kulicheka hata kabla halijaonekana kwenye kioo.

Kutoka Mitwaba, mambo hayo yanaonekana ya mbali sana. Lakini Wakongomani nao wamebishana juu ya kitu kinachofanana na hicho. Katikati ya mwaka 2025, serikali ilitia sahihi makubaliano na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona ili maneno ya kutangaza Kongo kuwa moyo wa Afrika yaonekane kwenye michezo yao. Kwa Barcelona peke yake, magazeti yaliandika zaidi ya euro milioni 40 kwa misimu 4, na maneno hayo yakae mgongoni mwa fulana za mazoezi. Serikali ilisema ni njia ya kuleta watalii na wawekezaji. Wengine walijibu kwa swali fupi la mitaani: « Ile feza, ingejenga barabara ngapi? »

Swali hilo ndilo linalorudi kila mara televisheni inapobadilisha sura. Alama mpya, rangi mpya, muziki mpya wa kufungua habari: bei yake ni ngapi, nani anailipa, na kwa nini watu wengi wanaipokea kwa hasira kuliko kwa furaha?

Kuchora ni kitu kidogo

Wengi wanafikiri bei ya alama ni malipo ya yule aliyeichora. Hapana. Kuchora ni sehemu ndogo. Kinachokula feza ni kuibandika kila mahali.

Televisheni ikibadilisha alama, inabidi kubadilisha kipande cha picha na muziki kinachofungua habari, ile jeneriki. Inabidi kubadilisha studio, meza ya msomaji habari, kile kijisanduku kinachovikwa kwenye mikro, milango ya magari, mabango ya barabarani, fulana za wapiga picha, karatasi za barua, mihuri, kadi za kazi, tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii. Kama jina nalo limebadilika, kuna karatasi za sheria na za leseni. Halafu kuna kampeni ya kuwaambia watu kwamba kituo walichokizoea ni kilekile, ila kinaitwa vingine. Mara nyingi kampeni hiyo ndiyo inapita vyote kwa bei.

Muziki nao una hesabu yake. Channel 4 ya Uingereza ilipofunguliwa tarehe 2 Novemba 1982, ilitumia sauti 4 tu, zilizotungwa na David Dundas. Mtunzi alikuwa analipwa pauni chache kila mara zinapopigwa. Pauni chache si kitu, lakini televisheni inazipiga mara nyingi kwa siku, siku zote za mwaka. Ndivyo kitu kidogo kinavyogeuka kuwa mshahara mkubwa.

BBC nayo ilipitia hapo. Mwaka 1997 ilibadilisha alama yake: herufi tatu zilizolala upande zikasimamishwa wima. Magazeti yalitaja bei ya pauni milioni 5, na watu wakauliza namna gani kunyoosha herufi kunaweza kugharimu hivyo. BBC ilijitetea: alama ya zamani ilikuwa na rangi nyingi na ilisumbua kwenye uchapaji na kwenye kioo, ile mpya ingepunguza gharama za baadaye. Mwaka 2002, kituo cha BBC One kiliacha lile puto lililokuwa likipaa juu ya nchi, kikaleta wacheza ngoma wa namna mbalimbali, pamoja na wenye kutumia viti vya magurudumu. Bei iliyotajwa ilikuwa pauni 700 000. Wako waliofurahi kuona watu wa kila aina, na wako waliolilia puto lao.

Tofauti na Kongo ni hii: Uingereza, kila nyumba yenye televisheni inalipa ada ya BBC kila mwaka. Mtu anajua kiasi alichotoa, kwa hiyo anauliza. RTNC inaishi hasa kwa bajeti ya Serikali. Mkaaji wa Mitwaba haletewi fakture ya RTNC mlangoni. Lakini analipa hata hivyo: kwenye kodi ya soko, kwenye bei ya mafuta, kwenye madini yanayotoka katika udongo wa kwao. Kwa sababu haioni ile fakture, haulizi. Na asiyeuliza haelezwi.

Uso ndani ya mawingu

Nchi hii ina historia yake ya alama za televisheni, na ni historia nzito.

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kuchukua madaraka. Walio na miaka zaidi ya 40 leo wanakumbuka kilichotangulia habari za jioni wakati wa Zaire: anga, mawingu, halafu uso wa Mobutu ukitokea katikati ya mawingu, ukishuka kama unatoka mbinguni. Hakuna aliyehitaji kusoma jina la kituo. Alama ya televisheni ilikuwa raisi mwenyewe. Mwanzoni mwa 1975 mambo yalifika mbali zaidi: kwa majuma kadhaa, vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la kiongozi mwingine yeyote. Wengine walitajwa kwa vyeo vyao tu.

Kwa upande wa ufundi, ile jeneriki ilifanya kazi yake. Mtu aliyeiona mara moja hakuisahau. Lakini kukumbukwa ni kitu kimoja, kuaminiwa ni kingine. Watu waliiangalia kwa sababu hakukuwa na chaneli nyingine, na nyumbani, milango ikiwa imefungwa, waliifanyia mzaha. Mpaka leo, miaka karibu 30 baada ya Mobutu kuondoka, mtu akitaka kumcheka kiongozi anayejikweza, anataja yale mawingu.

Hapo ndipo kuna somo la kwanza. Alama inaweza kuwa nzuri, ya gharama, na kujulikana na kila mtu, na bado isipendwe. Watu hawapimi rangi. Wanapima ukweli wa kile kinachofuata baada ya rangi.

Jina limebadilika, antena je?

Chombo hicho hicho kimebeba majina mengi. Baada ya uhuru kiliitwa Radiodiffusion Nationale Congolaise. Nchi ilipoitwa Zaire, mwaka 1971, kikawa La Voix du Zaïre. Mwaka 1981 kikawa OZRT. AFDL ilipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, kikawa RTNC, na hivyo ndivyo kilivyo mpaka leo.

Kila mara jina lilifuata mwenye madaraka. Kila mara kulikuwa na mabango ya kushusha, mihuri ya kutupa, magari ya kupaka rangi upya. Wakaaji wa Mitwaba hawahitaji kufundishwa hilo, kwa sababu territoire yao imepita njia ileile. Walikuwa Katanga, wakawa Shaba, wakarudi kuwa Katanga, na tangu mkatiko wa majimbo wa 2015 wako Haut-Katanga. Hawakuhama hata hatua moja. Milima ya Upemba iko palepale. Kilichohama ni maandishi kwenye mihuri na kwenye mbao za ofisi.

Jirani nao wanajua. Kenya ilikuwa na KBC mwaka 1961. Mwaka 1964 serikali ikaigeuza kuwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 ikarudi kuitwa KBC. Miaka 25 ya kuzunguka, halafu kurudi mwanzo. Tanzania ilikuwa na Televisheni ya Taifa, TVT, chini ya taasisi iliyoitwa TUT. Kwa amri ya 2007 ikazaliwa TBC, na TVT ikawa TBC1. Hata matajiri wanazunguka: Marekani, HBO Max ya 2020 ilikatwa ikabaki Max mwaka 2023, halafu Julai 2025 ikarudishiwa jina la HBO Max. Watazamaji walicheka, na kampuni yenyewe ikajicheka pamoja nao.

Si kila mabadiliko ya jina ni bure. Kutoka OZRT kwenda RTNC kulikuwa na maana: nchi haikuitwa tena Zaire, na televisheni ya taifa isingeweza kubaki na jina la nchi isiyokuwapo. Lakini jina peke yake halibadilishi namna ya kufanya kazi. Upinzani umelalamika chini ya maraisi waliofuatana kwamba hauonekani kwenye RTNC kama wenye madaraka wanavyoonekana. Wafanyakazi wa RTNC wamegoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara. Na mbali na miji mikubwa, picha yake hushikwa kwa shida au haishikwi kabisa bila parabole. Mtu ambaye mshahara wake umechelewa hafurahii meza mpya ya studio. Na mtu ambaye hashiki picha hata hajui kama meza ni mpya.

Kwa nini watu wanakasirika

Ukiangalia mabadiliko hayo yote, hapa na ng'ambo, sababu za hasira zinajirudia. Ni tatu.

Ya kwanza ni mazoea. Alama ya televisheni inaingia nyumbani kila jioni kama mgeni aliyezoeleka. Siku akija na sura nyingine, watu wanashtuka. Hasira ya aina hii haidumu. Waliolilia puto la BBC One walizoea wacheza ngoma, na hao walipoondolewa miaka michache baadaye, wengine wakawalilia wao.

Ya pili ni kulinganisha. Watu wanaweka bei ya alama pembeni ya kitu wanachokosa: barabara, dawa, walimu, umeme. Mitwaba ni sehemu ya ile pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto iliyoitwa « pembetatu ya kifo » kwa sababu ya vita vya Maimai na wakimbizi wake. Katika mahali kama hapo, kila dola inayotumiwa kwa rangi inaulizwa kwa ukali, na ni haki. Hasira hii haiishi kwa mazoea. Inaisha kwa maelezo na kwa matokeo.

Ya tatu ni kushuku. Pale ambapo bei haitangazwi, watu wanaijaza wenyewe. Wanasema kuna mtu amekula. Mara nyingine wanakosea. Lakini kosa linaanzia kwa aliyeficha hesabu, si kwa aliyekisia. Kituo kinachosema mapema « tumelipa kiasi hiki, kwa kazi hii, kwa watu hawa » kinapata lawama siku mbili, halafu kinaachwa kiendelee na kazi.

Jua, Nyota na wenyewe

Lubumbashi ina televisheni nyingi za watu binafsi, na huko alama ina maana nyingine. Majina ya baadhi yake ni ya juu angani: Jua, Nyota. Ni majina ya Kiswahili, rahisi kukumbuka, na kwa hilo yalifaulu kuliko vifupisho virefu vya Kifaransa.

Lakini watu wa Lubumbashi, wakiona alama, wanaona pia mwenye nayo. Jua ilijulikana kuwa ya wakili na mwanasiasa Jean-Claude Muyambo, Nyota kuwa ya Moïse Katumbi. Siasa ilipobadilika, alama zililipa deni la wenyewe. Jua ilifungwa mwishoni mwa 2014, Nyota mwishoni mwa 2015, mwaka ambao Katumbi aliachana na chama cha Raisi Joseph Kabila. Zilinyamaza kwa miaka. Watangazaji, wapiga picha na mafundi walipoteza kazi kwa ugomvi usiokuwa wao.

Hiyo nayo ni gharama ya alama, hata kama haiandikwi kwenye fakture yoyote. Kituo kinachojenga jina lake juu ya mtu mmoja kinapata nguvu ya mtu huyo siku ya neema, na kinaanguka naye siku ya taabu. Mtazamaji ndiye anayebaki na kioo cheusi.

Alama inayopiganiwa na inayoibwa

Tarehe 30 Desemba 2013, watu waliodai kumfuata mchungaji Joseph Mukungubila waliingia RTNC huko Kinshasa wakati kipindi kikiwa hewani. Siku hiyohiyo walishambulia uwanja wa ndege wa Ndjili na kambi Tshatshi, na Lubumbashi kukapigwa risasi pande za nyumba ya mchungaji huyo. Mwaka 1997 vilevile, mabadiliko ya utawala yalitangazwa kwa njia ya redio na televisheni. Anayetaka nchi anakwenda kwanza kwenye antena, kwa sababu anajua kwamba chini ya ile alama maneno yake yataonekana kuwa maneno ya Serikali.

Siku hizi hakuna haja ya bunduki ili kuchukua alama. Simu inatosha. Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katika mwezi uliofuata, wakaaji wa mashariki wamejaziwa picha na video kwenye WhatsApp. Baadhi zinabeba alama za vituo vinavyojulikana duniani, lakini vituo hivyo havikuzitengeneza. Mwongo anakata alama, anaibandika kwenye video yake, anaisambaza. Anayeipokea anasema: « Nimeona ku tele, iko na logo. »

Kwa hiyo alama inayokaa miaka mingi bila kubadilishwa ovyo ni kinga. Watu wanaijua rangi yake, mahali inapokaa kwenye kioo, namna maandishi yalivyo. Ya uongo inatambulika haraka. Kituo kinachobadilisha sura kila mwaka kinawapa waongo nafasi, kwa sababu hakuna anayejua tena ipi ni ya kweli. Kwa mkaaji wa eneo la vita, hilo si jambo la urembo. Taarifa ya uongo kwamba adui amefika kijiji cha jirani inaweza kumkimbiza mtu porini usiku na watoto.

Dekoda, na jina bila picha

Kuna jambo lingine linalokuja. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa siku ya kuacha matangazo ya analogi. Kongo, kama nchi nyingi za Afrika, haikuwa tayari siku hiyo. Kidogo kidogo, dekoda zinachukua nafasi ya antena ya zamani. Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv, na kampuni mbili zilizokuwa zikishindana zikawa chini ya paa moja.

Ndani ya dekoda, alama inapata kazi mpya. Mtu mwenye chaneli 100 anachagua kwa haraka, kwa rangi na kwa namba. Kituo cha jimbo kisichokuwamo kwenye orodha hakionekani, hata kama alama yake ilichorwa na fundi wa Paris.

Kenya ilionyesha hilo Februari 2015. Analogi ilipozimwa, vyombo vikubwa vya huko, Nation, Standard na Royal Media, viligombana na serikali juu ya nani abebe picha zao, na televisheni zao zikatoweka hewani kwa karibu majuma matatu. Alama zao zilikuwa maarufu kuliko zote nchini. Katika majuma hayo hazikuwa na kazi, kwa sababu nyuma yake hakukuwa na picha.

Maswali ya kuuliza

Kutokana na hayo yote, si sawa kusema kila alama mpya ni feza ya kutupa. Kituo chenye sura chafu, isiyosomeka, kinapoteza watazamaji na matangazo ya biashara. Alama nzuri inaweza kujilipa. Lakini mahali ambapo feza ni ya umma, au ambapo kituo kinasema kinatumikia umma, wakaaji wana haki ya kuuliza mambo machache yaliyo wazi.

Bei yote ni ngapi, si ya kuchora tu bali ya kubandika kila mahali? Nani amepewa kazi, na kwa nini si vijana wachoraji wa Lubumbashi, Goma au Bunia? Vitu vya zamani vitatumika mpaka viishe, au vinatupwa siku moja? Wafanyakazi wamelipwa kwanza? Na baada ya alama mpya, habari za Mitwaba, Pweto na Kasenga zitasikika mara nyingi zaidi, au bado zitangojea mpaka kuwe na vita?

Swali hili la mwisho linagusa pia redio za jamii, zile ndogo kabisa. Nyingi alama yao ni jina lililopakwa kwa rangi kwenye ukuta na sauti ya mtangazaji ambaye kila mtu anamjua. Huko mbali na laini za SNEL, ambako paneli ya jua inachagua kati ya kuchaji simu na kuwasha taa, redio ndiyo inayofika. Haina jeneriki ya milioni. Lakini ikitangaza kwamba barabara ya kwenda Mitwaba imekatika, dereva anaamini, anageuza gari.

Imani hiyo hainunuliwi kwa kampeni. Inajengwa kwa habari moja ya kweli baada ya nyingine, na inaweza kupotea kwa jioni moja ya uongo.